Upatu na Neno la Mama

Mwezi huu twataka kusema na akina mama wa makamo, ambao watoto wangali shuleni na wazee wao nao huwategemea.

Katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, akina mama wengi hucheza upatu. Tuseme wako 10, na kila mmoja hutoa shilingi 5,000 kwa juma. Basi kila juma mmoja hupokea 50,000. Fedha hizo hazizai faida, lakini huja kwa pamoja, zikatosha kununua gunia la bidhaa au kulipa ada.

Lakini tufikiri. Apokeaye kwanza ametoa 5,000 tu. 45,000 ni deni lake kwa wenzake. Apokeaye mwisho amewakopesha wote. Dhamana ni neno tu. Basi aachaye kutoa akiisha kupokea ameiba, ingawa hakuvunja mlango. Na akipatwa na msiba? Aseme mapema, asijifiche. Yafaa kupatana jambo hilo tangu mwanzo na kuliandika daftarini.

Tena, soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wengi walipotewa na bidhaa zao. Kwa hiyo mali yote isikae mahali pamoja. Fungu moja liwe la afya, kwa maana shinikizo la damu huja kimya; mama na apimwe kabla hajaugua.

Akina mama, fedha ikipotea hutafutwa tena. Uaminifu ukipotea, nani atakupa zamu?