Chumba Kiulizwe Kwanza

Mtu aliyejaaliwa uwezo wa kununua jozi ya vipaza sauti vya daraja la juu, vile ambavyo bei yake aghalabu hulingana na ya kiwanja na pengine ya nyumba nzima, huwa amekwisha kuzidadisi sifa zake zote, amezihifadhi wati na desibeli zake kwa ghibu, na ameshaamua ni mbao za rangi gani zitakazopendeza ukumbini. Lakini ukimwuliza ukumbi huo una urefu gani na upana gani, na sakafu yake imetandikwa nini, hukutazama kama kwamba umetoka nje ya maudhui. Kumbe hayo ndiyo maudhui yenyewe, maana sehemu kubwa ya sauti tunayoisikia nyumbani haiji sikioni moja kwa moja, bali hupiga kwanza ukutani, sakafuni na darini, ndipo ikatufikia ikiwa imebadilika tabia.

Dhahiri zaidi ni habari ya besi. Sauti katika hewa yenye joto la nyuzi 20 husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo wimbi la hezi 34 huwa na urefu wa mita 10 hivi. Basi chumba chenye urefu wa mita 5, kwa kuwa ni nusu yake, hulishika wimbi hilo baina ya kuta zake mbili, likawa linakwenda na kurudi na kujikuza, hata aliyeketi kando ya ukuta akaisikia noti hiyo ikivuma kupita zote, ilhali aliyeketi katikati haisikii kabisa. Chumba cha mraba kina dhara kubwa zaidi, kwani urefu na upana wake hushirikiana kuikuza noti ile ile moja, na hakuna kipaza, kiwe cha thamani gani, kitakachoweza kuliondoa dhara hilo peke yake.

Wazee wa mwambao hawakujenga kwa ajili ya santuri, lakini nyumba zao za mawe zina faida ambayo mafundi wa leo wameiacha. Upana wa vyumba vyake uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo hazikuweza kuvuka sana mita 3, kwa hiyo chumba kikawa kirefu na chembamba, mbali na umbo la mraba. Na katika nyumba kongwe za Lamu ukuta wa ndani ukapambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, ambazo huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mkupuo mmoja. Ukumbi wa siku hizi una marumaru sakafuni, saruji ukutani, vioo madirishani, na jipsamu iliyonyooka darini. Piga kofi moja ndani yake kabla fanicha hazijaingia, nawe utasikia mlio mkali wa harakaharaka ukilifuata kofi lako. Na mlio huo huo ndio utakaofuata kila mpigo wa kanuni na kila sini na shini itokayo kinywani mwa mwimbaji.

Dawa yake si ghali. Keti pale utakapokuwa ukiketi kusikiliza, umpe mwenzio kioo cha kujitazamia, akiburure ukutani ubavuni mwako polepole kwa kimo cha kichwa chako, na pale utakapokiona kipaza ndani ya kioo, mwambie atie alama ya chaki: hapo ndipo sauti inapopiga kwanza kabla ya kukujia, na hapo panataka pazia zito au kabati la vitabu vya ukubwa mbalimbali. Sakafuni, baina yako na vipaza, tandika busati nene. Mkeka mtupu hautoshi. Fundi wa vyombo hatakwambia haya, kwa sababu mabusati hayamo dukani mwake.

Chumba kikishajulikana, uchaguzi huwa mwepesi, kwani vipaza navyo vina tabia zake. Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, aliyeanza kutengeneza Klipschorn yake mwaka 1946, alikusudia chumba kiwe sehemu ya chombo: kipaza chake, ambacho ni baragumu iliyokunjwa, huwekwa kwenye kona barabara ili kuta mbili ziwe ndio mdomo wa baragumu hiyo, na kwa wati chache tu huujaza ukumbi mkubwa. Asiye na kona mbili zilizo wazi asijisumbue nacho.

Peter Walker wa Huntingdon, Uingereza, alishika njia nyingine. Quad yake iliyoingia sokoni mwaka 1957 haina sanduku wala koni, bali ina utando mwembamba wa plastiki uliotiwa umeme wa maelfu ya volti na kutandazwa baina ya bamba mbili zenye matundu, na kwa kuwa utando huo karibu hauna uzito, huifuata sauti ya binadamu kwa wepesi ambao vipaza vingi vya leo havijaufikia. Lakini hutoa sauti nyuma sawa na mbele, kwa hiyo hutaka nafasi ya kutosha kati yake na ukuta. Hauwezi kupiga kwa kishindo. Na tena unyevu na vumbi ni maadui wake. Mkazi wa Tanga au Mombasa alalaye madirisha wazi kuupisha upepo wa bahari ana sababu ya kusita.

Cha tatu ndicho nikipendacho. Wahandisi wa BBC, katika miaka ya 1970, walihitaji kipaza kidogo cha kuwekwa ndani ya magari ya kurushia matangazo ya nje, mahali pasipo nafasi hata ya kunyoosha mguu, wakabuni LS3/5A, sanduku la kimo cha sentimita 30 hivi, lenye ujazo wa lita 5 tu. Desturi ya idara yao ilikuwa kulinganisha sauti ya mtu aliye hai anayezungumza na sauti ile ile inapopitia kipazani, kwa yakini kwamba sikio linalijua neno la binadamu kuliko chombo chochote. Besi nzito hakina, na humeza nguvu: unyeti wake ni desibeli 83 hivi, na kila desibeli 3 zinazopungua huongeza maradufu wati zinazotakiwa. Hata hivyo, katika chumba cha mita 3 kwa 4, kikisimamishwa juu ya miguu yake hata twita ikalingana na sikio, nakitanguliza mbele ya minara ya kimo cha mtu ambayo besi yake itakwama katika kuta hizo.

Jicho nalo lina hila zake. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wake Kanada na baadaye Marekani, aliwaketisha wasikilizaji wasikoweza kuviona vipaza, akakuta kwamba wengi wao huafikiana juu ya kilicho bora. Vilipoonekana, hukumu zao zilibadilika kwa ajili ya umbo na jina. Basi unapojaribu, fumba macho, au omba pazia.

Jaribu kwa muziki unaoujua. Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, zina hadhi yake, ila si za kupimia besi. Afadhali taarabu iliyorekodiwa kwa mitambo ya karibuni, yenye udi, fidla, dumbaki na besi, uangalie kama kila chombo kina mahali pake. Na kama unanunua vilivyotumika, gusa kwa ncha ya kidole ule ukingo unaoizunguka koni ya wufa: ukiwa wa sponji na ukamomonyoka kama majivu, ujue joto na unyevu vimekwisha kuula, wa mpira hudumu zaidi.

Mwisho, mwombe muuzaji akuruhusu kuvichukua nyumbani kwako kwa juma moja, kwa rahani ya fedha akipenda. Akikataa, usinunue kwake.