Mikono Inayotetemeka: Upasuaji wa Ubongo kwa Mawimbi ya Sauti na Hatua Zinazoutangulia

Kutetemeka kwa mikono ni miongoni mwa dalili ambazo jamii huzizoea mapema kuliko inavyopasa. Katika kata ya Kaniha, kama katika vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara, mzee anayemwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni huambiwa kuwa ni uzee. Na mgonjwa akiwa bado kijana, huenda akatafutwa aliyemroga. Familia iliyosikia habari za upasuaji wa ubongo usiotumia kisu inaweza kujiuliza kama iuze ng'ombe ili mgonjwa wake apelekwe ng'ambo. Swali hilo linastahili jibu kamili.

Upasuaji wenyewe ni wa kweli. Mawimbi yanayotumika ni ya jamii moja na yale ya ultrasaundi anayopimwa mama mjamzito. Mgonjwa hunyolewa nywele, kichwa hufungwa kwenye fremu isiyomruhusu kusogea, kisha huvikwa kofia yenye vyanzo zaidi ya 1,000 vya mawimbi, huku maji baridi yakizunguka kati ya kofia na ngozi. Kila wimbi peke yake ni dhaifu, hupita bila kuunguza kitu. Yanapokutana mahali pamoja ndani ya ubongo huzaa joto, kama lenzi inavyokusanya miale ya jua hadi karatasi ikaungua. Shabaha ni sehemu ndogo ya talamasi, kituo kinachopitisha ishara za mwendo. Yote hufanyika ndani ya mashine ya MRI, ambayo huonyesha mahali joto lilipofikia na kiasi chake.

Mgonjwa huwa macho. Kwanza joto hupandishwa kidogo tu, naye huombwa kuchora mduara wa konokono. Mtetemo ukipungua, na midomo au vidole visipopata ganzi, joto hupandishwa hadi nyuzi 55 au 60 na seli za mahali hapo hufa. Hazirudi tena.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 76, mtetemo wa mkono uliotibiwa ulipungua kwa takriban nusu baada ya miezi 3. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha tiba hiyo. Hata hivyo, mwaka mmoja baada ya tiba, wagonjwa 14 kati ya kila 100 waliotibiwa walikuwa bado na ganzi, na 9 hawakutembea kwa uthabiti wao wa awali. Aidha, fuvu la baadhi ya watu halipitishi mawimbi vya kutosha, na kwa baadhi mtetemo hurejea kadiri miaka inavyopita. Kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, tiba hii hutuliza dalili fulani, wala haizuii ugonjwa kuendelea.

Jambo lenye uzito zaidi kwa msomaji wa Kaniha ni hili: wagonjwa wa utafiti huo walikuwa wamekwisha kutumia dawa zikashindwa. Kwetu wengi hawajafikia hata dawa ya kwanza. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipowachunguza wakazi zaidi ya 161,000 katika miaka ya 2000, walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao na mhudumu yeyote.

Utambuzi hauhitaji mashine. Mgonjwa aketi, mikono iwe mapajani. Mkono ukitetemeka ukiwa umetulia, hasa wa upande mmoja, pamoja na mwili kukakamaa, mwendo kuwa mzito na hatua kuwa fupi, Parkinson ifikiriwe. Kisha anyooshe mikono na amimine maji toka kikombe hadi kikombe. Mtetemo unaojitokeza wakati wa kutenda mara nyingi ni wa kurithi, na ndio uliotibiwa katika utafiti wa 2016. Huenda mgonjwa akasema kwamba akinywa rubisi kidogo mkono hutulia. Hiyo ni dalili ya kumsaidia mhudumu, si tiba, kwa kuwa kileo kikiisha mtetemo hurudi, pengine kwa nguvu zaidi.

Mhudumu aulize pia kuhusu dawa. Salbutamoli na valproeti huweza kutetemesha mikono. Haloperidoli na klopromazini huweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi nayo isisahauliwe.

Mtetemo wa kutenda huanza kutibiwa kwa propranololi, dawa ya bei nafuu, ambayo mwenye pumu hapaswi kupewa. Parkinson hutibiwa kwa levodopa iliyochanganywa na kabidopa. (Mbegu za upupu, mmea ambao wachungaji wanaujua kwa kuwasha kwake, zina levodopa ya asili, lakini kiasi chake hutofautiana sana, na mgonjwa asijipimie mwenyewe.)

Dawa zikitumiwa kwa kipimo sahihi na bado mgonjwa akashindwa kula au kuandika, rufaa iandikwe kuelekea hospitali ya kanda, Bugando jijini Mwanza, na suala la upasuaji lijadiliwe huko kabla ng'ombe hajauzwa. Mgonjwa aende na orodha ya dawa alizotumia, kipimo na muda wa kila moja, na ikiwezekana video fupi ya simu inayoonyesha mikono yake ikiwa imetulia na ikiwa inamimina maji.