Siku ya Kung'oa Nanga

Miongoni mwa mambo yaushindao ulimi kuyaeleza ni hali impatayo baharia siku ya kuanza safari aliyoiota miaka mingi. Furaha na hofu humjia pamoja, wala hapana imwachiayo mwenziwe nafasi. Walio pwani humwona akitabasamu. Yeye ajua kwamba moyo wake umegawanyika baina ya mji auachao na maji asiyoyajua.

Mfano mmoja ni wa jahazi Sohar. Mnamo Novemba 1980 chombo hicho kiling'oa nanga Maskati kuelekea Guangzhou, China, kikiongozwa na msafiri Tim Severin, kwa ufadhili wa Sultan Qaboos. Kiliundwa Sur, na mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya mababu zetu. Fikirini, ndugu wasomaji, hali ya mabaharia wale pwani ilipofifia nyuma yao, nao wakijua kwamba uhai wao umeshikwa na mishono.

Hofu hiyo haikuwa bure. Njiani foromali ilivunjika, na shwari ikawazuia katikati ya bahari, wakingoja upepo wa kusi na kukinga maji ya mvua. Hata hivyo mishono ilishika, na Julai 1981 waliwasili.

Yafaa ieleweke kwamba ushujaa wa siku ya kuondoka hauanzi siku hiyo. Baharia huthubutu kwa kuwa anauamini mkono uliomwundia chombo. Na mikono hiyo ilikwisha kuwa adimu: ilibidi washonaji watafutwe mpaka visiwa vidogo vya Lakshadweep, India. Laiti watu wa visiwa hivyo wangaliusahau ujuzi wao, ndoto ya Maskati ingalibaki ndoto.

Kwetu sisi mitepe iliacha kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Majahazi, mashua na ngalawa bado zipo, na mafundi wake wangali hai, lakini wanazeeka. Twawaomba wakuu wa serikali wasingoje kuwaheshimu katika makumbusho. Na wapewe vijana wa kuwafundisha, mbao kwa bei wanayoiweza, na ujira unaostahili kazi yao. Kisiwa kisicho na fundi hakiwezi kumpa kijana wake furaha ya kuondoka, wala kuwapa walio pwani tumaini la kumwona akirejea.