Kikosi cha Watu Sita

Mwaka 1981 Wamarekani Andrew Greenberg na Robert Woodhead walitoa Wizardry, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huunda kikosi cha watu sita wa kushuka katika handaki lenye ngazi 10. Wapiganaji sita wangetisha kwa macho tu: watatu wa mbele pekee ndio wawezao kupiga kwa silaha, na wa nyuma wangesimama bure. Huko nyuma hufaa mchawi, kuhani wa kutibu majeraha, na mwizi wa kutegua mitego ya makasha. Lakini kuhani sharti awe mwema au mwovu, mwizi kamwe hawi mwema, na wema hawaundi kikosi pamoja na waovu. Kwa hiyo wema humchukua mwizi asiyefungamana na upande wowote. Kosa ni ghali: kifo huandikwa katika diski, ufufuo ukishindikana maiti huwa majivu, na ukishindikana tena, mhusika hupotea kabisa.