Vifaa vya Kuchezea Vinavyoimarisha Mwili wa Mtoto

Watu wengi huona mchezo ni kupoteza wakati. Lakini mtoto anapopanda gogo, akaanguka na kupanda tena, mwili wake unajifunza jambo kubwa: kujishikilia wima. Kikundi chenu kinaweza kusaidia masomo hayo kwa vitu vilivyoko kijijini.

Mwili unajuaje usawa?

Kuna vitu vitatu. Kwanza ni macho. Pili ni sikio la ndani. Humo mna vijifereji vyenye majimaji, na kichwa kikizunguka maji hayo husogea, ubongo ukapata habari. Tatu ni misuli na viungo, ambavyo huuambia ubongo mguu uko wapi hata gizani. Ndipo misuli ya tumbo, mgongo na nyonga inakaza ili mtu asianguke. Misuli hiyo ikiwa legevu, mtoto huchoka upesi akiketi darasani, na hata mkono wa kuandika hautulii.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super aliandika habari za watoto wa Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis. Kina mama huko waliwafundisha watoto kuketi kwa kuwaweka katika kishimo kifupi au kuwazungushia blanketi. Watoto hao waliketi na kutembea kama mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia. Kwa hivyo, mazoezi ndiyo yalileta tofauti.

Vifaa vitatu vya kutengeneza

1. Gogo la kutembelea. Tafuta gogo lililonyooka, urefu wa mita 2 au 3. Lichonge upande wa juu liwe bapa, kisha lizike kidogo lisibingirike. Lisizidi sentimita 15 kutoka ardhini.

2. Ubao wa kuyumba. Kata ubao wa sentimita 60 kwa 40. Chini yake pigilia vipande viwili vilivyochongwa kama nusu mwezi. Piga msasa vizuri. Mtoto asimame juu akiyumba kushoto na kulia, na mtu amshike mkono mpaka azoee.

3. Bembea ya tairi kuukuu. Chagua tairi isiyo na nyaya zilizochomoza. Itoboe chini ili maji ya mvua yasituame na kuzaa mbu. Ifunge kwenye tawi nene lililo hai, na mtu mzima aikalie kwanza kuijaribu. Mwageni mchanga chini yake, na mkague kamba kila juma.

Mtoto mchanga hahitaji kununuliwa kitu. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka, jumla ya dakika 30 kwa siku, nawe uwe karibu. Vile viti vya magurudumu vya kumfunza mtoto kutembea, achaneni navyo. Havimharakishi, na humfikisha haraka kwenye moto au ngazi. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Mtoto akichelewa

Watoto karibu wote huketi bila kushikwa kabla ya kumaliza miezi 9, na hutembea wenyewe kufikia miezi 18. Wako akipita hapo bado, au mwili wake ukiwa mgumu sana au mlegevu sana, mpeleke kliniki. Usingoje, wala usimfiche nyumbani. Si laana. Mtoto anayefichwa hukosa mazoezi, na mwili wake huzidi kukakamaa. Mhudumu wa afya ataonyesha vile atakavyotumia vifaa hivi akiwa ameshikiliwa, pamoja na wenzake.

Ya kujadili katika kikundi

- Watoto wetu huchezea wapi? Pana hatari gani?
- Nani kati yetu ana mbao, tairi au ujuzi wa useremala?
- Je, kuna mtoto kijijini ambaye hatujamwona akicheza? Nani atamtembelea?