Uzito wa Lori Huangaliwa Kila Ekseli
Lori lililopakia shehena Kariakoo kwenda mikoani linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla, lakini likakutwa na kosa katika mizani ya TANROADS iliyopo Vigwaza, mkoani Pwani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 1, 2019, inaelekeza gari na mzigo wake visizidi tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Kitaalamu, ekseli yenye tani 12 huharibu barabara takribani mara mbili ya yenye tani 10. Hivyo, wafanyabiashara wahakikishe wapakiaji wanasambaza mzigo, badala ya kuurundika nyuma, kabla lori halijaondoka.