Shule ikifungwa, nyumba inafundisha: mfupa wa Ishango, kamba ya gitaa na sanduku ya tate

Mashariki mwa Kongo, mlango wa shule unaweza kufungwa asubuhi moja bila mtu kujua utafunguliwa lini. Mwaka 2020 ilikuwa ugonjwa wa Covid-19: toka mwezi wa tatu, shule za inchi nzima zilifungwa. Mahali pengine ni vita, na madarasa yanageuka makao ya wakimbizi. Kwingine mzazi amekosa tu pesa ya iniforme na makaye. Ndipo mama ao baba anabaki na watoto kwenye kibaraza, na swali ni moja: leo watajifunza nini?

Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema kama masomo ya msingi ni ya lazima, na kwenye shule za serikali ni ya bure. Kifungu hicho hicho kinawapa wazazi haki ya kuchagua namna watoto wao watafundishwa. Lakini jamaa nyingi hazikuchagua, zilijikuta tu. Mzazi anasema: «Miye siko mwalimu, na hata kitabu hakuna.» Kumbe vya kufundishia viko karibu kuliko anavyofikiri.

Hesabu toka Ishango

Ishango ni mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini. Hapo ndipo mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo, karibu sentimetre 10 hivi, wenye kukatwa alama nyingi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20 000 hivi. Leo uko Bruxelles, kwenye makumbusho ya sayansi ya viumbe, na watu wanatoka mbali kuuangalia. Watoto wengi wa Beni, Butembo na Rutshuru hawajausikia hata siku moja.

Lakini ili kuuelewa, si lazima kupanda ndege. Mtoto achukue kijiti na kisu kidogo, mkubwa akiwa pembeni. Upande mmoja akate alama 11, kisha 13, kisha 17, kisha 19. Upande mwingine: 11, 21, 19 na 9. Ajumlishe kila upande. Atapata 60 huku, na 60 kule. Mstari wa tatu wa mfupa unabeba 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7: jumla ni 48. Wataalamu wangali wanabishana. Wengine wanasema ilikuwa hesabu, wengine wanaona kalenda ya mwezi, wengine wanaona alama za kushikia vizuri tu. Mtoto naye aulizwe: «Weye unaona ilikuwa ya nini?» Akijibu na kueleza sababu, somo limeingia.

Kamba ya sentimetre 60

Muziki nao ni hesabu inayosikika. Chukua bido tupu ya litre 5, ubao, na kamba ya nailoni ya wavuvi. Kamba ikazwe sana, urefu wake sentimetre 60, ipimwe na metre ya fundi wa nguo. Mtoto aipige na asikilize. Kisha abonyeze katikati kabisa, kwenye 30, apige tena: atasikia sauti ile ile, lakini imepanda juu. Akiacha 40 ndio zilie, yaani mbili ya tatu, atapata sauti nyingine inayopatana vizuri na ile ya kwanza. Sehemu za hesabu, ambazo kwenye ubao wa darasa zinachosha, hapa zinaingia kupitia sikio.

Kama kwenye mtaa kuko mzee anayepiga likembe, apelekewe watoto. Watamwona akisukuma vyuma mbele na nyuma ili kurekebisha sauti: chuma kikiwa kifupi, sauti inapanda, kikiwa kirefu, inashuka. Kwa Bashi wa Kivu ya Kusini kuko lulanga, yenye kamba. Mzee mmoja akifariki bila kufundisha mtu, somo lake linaenda naye.

Makumbusho ndani ya sanduku

Makumbusho ya Taifa iko Kinshasa, ingine iko Lubumbashi. Toka Goma ao Bunia, safari inapita uwezo wa jamaa nyingi. Lakini kila nyumba iko na sanduku. Ndani yake mutatoka jembe la zamani, kikapu, picha, pengine noti ya zaïre, ile pesa iliyotumika mpaka franka ya Kongo ilipoingia mwaka 1998.

Kila kitu kiwekwe kwenye mkeka, na mtoto aandike kikaratasi: jina la kitu katika lugha ya nyumbani, nani alikitengeneza, kilitumika kufanya nini, kilitoka wapi. «Tate, hii noti ilikuwa inauza nini?» Hapo tate anaanza kueleza, na mtoto anaandika. Ndiyo kazi ya makumbusho yenyewe. Na kuko jambo moja la kuwaza: mfupa wa Ishango hauna jina la mwenye kuutengeneza. Kikapu cha tate kingali nalo, kama mtu ataliandika leo.

Shule inabaki shule

Haya yote hayachukui nafasi ya darasa. Mtoto anahitaji bilete yake, anahitaji mitihani, anahitaji wenzake. Kwa hiyo mzazi atunze kaye moja yenye tarehe na kazi za kila siku. Hali ikitulia, aende mapema kumwona direkta akiwa nayo mkononi, ili waangalie pamoja mtoto arudi darasa gani. Mwaka unaweza kupotea shuleni. Si lazima upotee kichwani mwa mtoto.